Kima na Membe Waliokaa Matanga Yao Wenyewe

Nianze, nisianze?

Anza, bibi.

Mtasikiliza, au mtasinzia?

Tutasikiliza.

Basi kaeni. Chungu hakijachemka, na njaa haiondoki kwa kukikodolea macho kifuniko. Palikuwa na kale. Kale ile ikazaa kale nyingine, na kale ya katikati, ile isiyo na mwenyewe, ndiyo ninayowapa leo. Zamani hizo wanyama walisema na watu, na watu wakawajibu kwa adabu kuliko wanavyojibiana siku hizi. Zamani hizo bahari ilikuwa haijajifunza kula ufukwe. Na zamani hizo, msinicheke, kamati zilikuwapo tayari.

Katika mji wa Mwambajiwe aliishi kima jike, jina lake Mize. Kima punju, yule mwekundu wa mgongo, mwenye nywele zilizosimama kichwani kama mtu aliyeamshwa kwa habari mbaya. Punju ni sumu. Watu walisadiki kwamba mti akiula kima huyu, mti hufa. Hakuna mti uliowahi kufa. Lakini jina likishakuganda, jamani, hata ukioga halitoki.

Na Mize alikuwa msomi. Alisoma elimu ya majani yote: jani la kula, jani la kuacha, na jani la kula ukishatafuna makaa. Ndiyo, makaa haya haya ya jikoni, unanikodolea nini? Kima punju hula makaa. Majani ya mkungu yana ukali wa kuchoma tumbo, na kipande cha makaa ndicho huuzima. Basi Mize alijua makaa ya mti gani yanazima jani gani, akafuzu, akapigiwa vigelegele, akakaa. Akakaa. Akakaa tena. Kazi hana. Aliomba kulinda mashamba, akaambiwa mashamba yanalindwa dhidi yake. Aliomba kufundisha, wakamwambia, "Tutakuita." Na huko kuitwa, wajukuu zangu, anakungoja mpaka leo.

Sasa mwaka huo Mize alikuwa na mimba, na msitu ulikuwa umekwisha. Huku shamba, kule tanuri la makaa, pale kiwanja cha shemeji wa Jumbe, mkuu wa mji. Kilichobaki ni kichaka kimoja juu ya majabali ya pwani, na ndani ya kichaka mkungu mmoja mkubwa uliobeba miti mingine yote kama mama mwenye watoto. Mize alitaka kuzaa juu ya mkungu ule. Hakuwa na kwingine.

Lakini chini ya mkungu ule, mashimoni katikati ya mizizi, aliishi Vuai.

Vuai alikuwa membe. Si membe hawa wa sokoni wanaogombea utumbo wa dagaa. Huyu alikuwa membe mweusi wa bahari kuu, aina waliobaki wachache, wanaotaga shimoni kama panya. Angani alikuwa bwana. Ardhini alitembea kwa kifua kama mlevi anayetafuta kiatu. Na akishtuka, hutapika mafuta ya samaki, na harufu yake hufukuza hata nzi. Alikuwa amefika Maskati, amefika Bombei, na kila alikotua aliokota neno, kwa hiyo sentensi yake moja ilikuwa na bandari tatu.

Juu mkazi, chini mkazi, na kila mmoja anasema: mti wangu.

"Ya bibi," Vuai alikuwa akisema kutoka shimoni, "maganda yako yananiangukia kichwani. Please. Kuna watu wamelala huku."

"Wanaolala mchana hawana kazi," Mize alijibu.

"Na wewe unayo?"

Mize akamwangushia ganda jingine, safari hii kwa makusudi.

Ikapita mbiu. Mpiga mbiu wa Jumbe alikuwa Kunguru, na hakuna aliyejua nani alimwajiri. Alikuwapo tu, siku zote, kila paa. Alisimama juu ya jabali akapaza sauti:

"Jumbe Shaali amesikitika. Amesikitika sana. Wanaotoweka ni wengi, mlinzi ni mmoja, kichaka kilichobaki ni kimoja. Atalindwa mmoja tu, aliye mchache kuliko wote. Waombaji wafike barazani. Wawe na uzoefu wa kutoweka usiopungua miaka mitano."

Mize alijiuliza moyoni: mwenye uzoefu wa kutoweka atafikaje barazani? Lakini mwenye mimba habishani na mbiu. Akachana nywele, zikasimama tena, akaenda.

Barazani alimkuta Vuai amekwishafika, amelala kifudifudi, ndivyo anavyokaa. Jumbe Shaali alikuwa mbele, mtu mnene mwenye sauti ya usingizi, na shemeji yake pembeni na kanzu mpya. Nyuma alisimama Mcha, ndiye huyo mlinzi mmoja, ana mkuki mmoja na kandambili zisizofanana. Kunguru alikaa juu ya kiti cha Jumbe kana kwamba ni chake.

"Nani mchache?" Jumbe aliuliza.

"Mimi," wakasema wote wawili.

"Mmoja mmoja. Kima. Umejiandaa vipi kutoweka?"

"Jumbe, sikujiandaa. Nimesaidiwa."

"Na nani?"

Mize akamtazama shemeji wa Jumbe, ambaye kiwanja chake kilikuwa msitu. Akakumbuka mimba. "Na hali ya maisha," akasema.

"Membe?"

"Jumbe, with all due respect, wallahi," Vuai alianza, "huyu kima hana hata dole gumba. Mtazameni mikono. Mtu asiye na dole gumba atashikaje nafasi kubwa kama hii?"

"Na yeye hawezi kusimama," Mize akasema. "Mnampa ulinzi mtu anayetambaa?"

"Mimi ni wa kimataifa."

"Basi akalindwe na hayo mataifa."

Watu wakacheka, Vuai akashtuka, na akishtuka mnajua. Kanzu ya shemeji ilikuwa nyeupe. Ilikuwa.

Baada ya kupanguswa sana na kufungua madirisha, Jumbe akatoa shauri. Alisema maneno hayaoneshi uchache. Uchache huoneshwa na misiba. "Nitampa mlinzi yule aliyefiwa zaidi. Wekeni matanga, nije nione. Na mchele," akaongeza, "msiuchemshe mpaka ukawa uji. Juzi kwa Bi Mtumweni tulikula kama wagonjwa."

Hapa nisimame niwaambie desturi ya Mwambajiwe, maana bila hiyo hamtaelewa, na wewe uliye nyuma acha kumfinya mwenzio. Mji ule mtu akifa majirani huleta mchele, hupikwa ubwabwa, watu hukaa juu ya mkeka mmoja. Siku ya kuanua tanga, mwenye msiba husimama akataja anaowalilia, kisha mkeka hukung'utwa kuelekea baharini. Jina lililokung'utwa halirudi. Likishakwenda na maji, hata mwenyewe akiliita, hakuna anayeitika. Hiyo ndiyo desturi, na Mwambajiwe waliweza kukosa maji wasikose desturi.

Mize alirudi mtini akamwendea mama yake, Bi Mkasi, mzee mwenye meno meusi ya makaa.

"Mama, itabidi ufe."

"Lini?"

"Ijumaa."

"Ijumaa nina shughuli."

"Mama, si kufa kwenyewe. Kufa kwa barazani. Nitakulilia, utajificha mikokoni na jamaa wote, Jumbe ataona nimefiwa, nitapewa mlinzi, mjukuu wako atazaliwa juu ya mti wake."

Bi Mkasi akafikiri. "Na baba yako mdogo naye afe?"

"Naye."

"Huyo afadhali. Lakini mikokoni makaa hamna."

"Utavumilia, mama. Ni kidogo tu."

Na chini kule mashimoni Mize alisikia Vuai akiwaambia wajomba zake yale yale, kwa lugha tatu.

Ijumaa ikafika. Uwanja wa matanga ulikuwa mmoja, kwa hiyo misiba miwili ikawekwa bega kwa bega. Huku kaniki ya Mize, kule kilio cha Vuai. Majirani walileta mchele, masufuria yakapangwa, makaa yakawaka. Watu walikula kwa kima, wakajifuta midomo, wakaenda kulia kwa membe, wakala tena. Shemeji wa Jumbe aliomboleza sahani nne. Kunguru hakulia hata kidogo, lakini alikula kwa wote.

Kisha Jumbe akasema, "Tajeni."

Vuai akajikokota mbele. "Nimefiwa na mjomba. Nimefiwa na mashangazi. Nimefiwa na upande wa baba, all of them, khalas."

Mize akasimama, tumbo mbele. "Nimefiwa na mama, na baba mdogo, na matawi yote ya ukoo, mpaka wale tusioongea nao."

"Umebaki na nani?" Jumbe akauliza.

"Na mimi na binamu mmoja."

"Mimi nimebaki peke yangu," Vuai akasema haraka.

Watu wakageuka kumtazama Vuai. Wakamhurumia. Mize akaiona huruma ile inavyohama, kama sinia linalopita mbele yako likaenda kwa jirani. Akauona mkungu wake unakwenda.

"Binamu amekufa sasa hivi," akasema. "Nimepata habari."

"Peke yako, basi, kama membe," Jumbe akasema. "Mmelingana."

Wajukuu zangu, mtu aliyesoma sana akishindwa, hatafuti njia. Hutafuta jibu. Mize alifungua kinywa, na jibu likatoka kabla ya akili kuvaa viatu:

"Jumbe, mimi hata peke yangu sikubaki."

Kijiko kikaanguka.

"Unasema?"

"Nasema ukoo wote wa kima punju umekwisha. Na mimi nimo. Nililieni na mimi."

Watu wakasema, maskini, huyu ndiye mchache kweli. Vuai akaona anapitwa, akapiga mbawa.

"Same here," akasema. "Na mimi nimekufa. Tangu asubuhi. Sikutaka kuwasumbua."

Jumbe akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa, akaashiria. Mcha akashika pembe moja ya mkeka, shemeji akashika nyingine, wakaukung'uta kuelekea baharini. Punje za wali zikaruka. Jina la kima likaruka. Jina la membe likaruka. Yakaenda na maji.

"Basi," Jumbe akasema akipangusa vidole. "Poleni. Ulinzi siwezi kumpa maiti."

Mize akahisi mtoto amegeuka tumboni. "Jumbe, lakini tuko hapa."

Jumbe akatazama pale Mize aliposimama kama mtu anayetazama ukuta. Hakuitika. Desturi.

Na hapo hapo ndipo Bi Mkasi alipotokea. Siku zote hizo mikokoni alikuwa amekula majani ya mkungu bila makaa, na tumbo lilikuwa linampikia mambo yake. Alisikia harufu ya majiko yaliyopoa. Akaja kwa mikono na miguu katikati ya waombolezaji, akaketi penye jiko, akachagua kipande kizuri, akaanza. Kru. Kru. Kru.

Mcha akaangusha mkuki. Jumbe, ambaye alikuwa mzee mwenzake, akasahau desturi kidogo, akamwambia kwa upole:

"Bi Mkasi, si umekufa?"

"Nimekufa, ndugu yangu," Bi Mkasi akasema kinywa kikiwa cheusi, "lakini tumbo linaniuma."

Na mjomba wake Vuai naye akatoka ndani ya shimo karibu na masufuria, maana wapishi walimwaga maji ya wali mle ndani. Alitoka ameungua, akatapika papo hapo.

Sasa mwenye akili angesema: wako hai, tufute msiba. Lakini Jumbe alikwishashiba, na mtu aliyeshiba hufikiri kwa kutumia tumbo. Akasema:

"Ubwabwa wa matanga yao nimeula. Nikisema hawakufa, nimekula nini? Niutapike?"

"Naweza kukufundisha," mjomba akasema.

"Hakuna aliyesema neno," Jumbe akawaambia watu. "Ni upepo tu. Mlinzi apewe aliye hai. Nani yuko hai hapa, asiyelalamika, anayefika mikutanoni?"

Bwana Kunguru akakohoa.

Ndivyo Kunguru alivyopewa mlinzi. Yeye aliye wengi kama mchanga. Na neno lake la kwanza, akiwa kalindwa, alisema kichaka kile ni kizito mno kwa afya yake, kikatwe, makaa yapatikane, abakishiwe tawi moja la kupigia mbiu.

Jioni ile Mize alipanda mkungu kwa tabu. Aliwaza mashoka yanayonolewa. Chini, kwa mara ya kwanza, hakumwangushia mtu ganda. Vuai naye akajikokota, akapanda shina kwa mdomo na kucha, akatua tawi la chini akihema.

"Vuai."

"Naam."

"Mlinzi alikuwa mmoja."

"Mmoja."

"Na mti mmoja."

"Huu huu."

"Angesimama chini ya mti huu na mkuki wake, angemlinda nani?"

Vuai akatazama juu, akatazama chini kwenye mizizi, akatazama tena juu. Maneno ya bandari zote yakamkauka. "Sote wawili," akasema kwa Kiswahili kitupu.

"Na barazani hukulisema hilo."

"Wala wewe. Na ndiwe uliyesoma."

Kuna ukweli, wajukuu zangu, ambao ukija baada ya ubwabwa hauna kazi tena ila kukukalia koo.

Asubuhi wakaja wakata miti, na Mcha mbele, na Kunguru juu ya bega la Mcha. Mize uchungu ulikuwa umemshika. Alisikia shoka linatemewa mate, akaona mkono unanyanyuka. Hakuwa na jiwe, hakuwa na shahada inayozuia shoka. Alichokuwa nacho ni malezi ya mama yake tu, na mtu akiumwa sana malezi ndiyo hutoka kwanza. Akasema kutoka majanini:

"Wageni mbona mnaingia bila hodi?"

Shoka likaganda hewani.

"Nani huyo?" Mcha akauliza.

"Marehemu Mize. Karibuni. Sina cha kuwapa, ubwabwa wangu mlishaumaliza."

Na mizizini Vuai akaitikia kwa sauti ya shimoni, "Welcome, welcome, ahlan wa sahlan." Mjomba akatapika juu ya kandambili za Mcha. Na kwenye tawi Bi Mkasi, ambaye alijichukulia akiba kutoka kwenye matanga, akaendelea na yake: kru, kru, kru.

Mcha hakungoja kandambili. Wakata miti walikimbia wakiacha mashoka, na mashoka yale nasikia yaliota kutu pale pale. Mtu wa Mwambajiwe hamwogopi kima. Humpiga mawe. Lakini mzimu? Mzimu ambao wali wake ameula yeye mwenyewe? Labda mji uhame.

Kunguru alibaki peke yake hewani, bega limemkimbia. Mpaka leo hajatambua. Ndiyo maana kunguru unamfukuza jikoni naye anakutazama tu, hatikisiki: anadhani Mcha yuko nyuma yake.

Tangu siku hiyo kichaka kikawa mzimu. Hakuna aliyethubutu kukata hata fito. Jumbe mwenyewe, tumbo lilipomsumbua, alituma chetezo cha ubani kikaachwe chini ya mkungu. Mji mzima ukafuata. Hebu niambieni, ubani unafukizwa juu ya nini?

Makaa.

Makaa, ndiyo. Na juu yake kichwa cha samaki kwa sadaka. Walipokuwa hai waliomba wakaambiwa tutawaita. Walipokufa wakaletewa mlangoni. Bi Mkasi alinenepa kabla hata kilio chake hakijakauka.

Lakini msidhani ilikuwa raha tupu. Mtoto alizaliwa mkunguni, jike, nywele zimesimama. Na mji ule mzazi huletewa uji wa pilipili manga, akaambiwa hongera, watu wakamchezesha mtoto na kumpa jina. Mize alikaa amempakata, anasikia watu wanapita njiani, anawajua mmoja mmoja kwa kikohozi, na kila mtoto alipolia walikaza mwendo. Hakuna aliyeleta uji. Nani humpa hongera maiti? Alikaa mpaka jua likapinda, na msomi yule akajua kuna mitihani ambayo kufaulu kwake ni upweke.

Kisha akasikia kucha zinakwaruza shina. Vuai alikuja kwa kifua, polepole, anaanguka na kuanza tena, mdomoni kabeba samaki. Akamweka samaki tawini, ingawa alijua kima hali samaki. Akamtazama mtoto.

"Hongera, marehemu," akasema.

Mize akamsogezea nafasi tawini.

"Ahsante, marehemu mwenzangu."

Basi. Mkiona wawili wenye njaa wanashindanishwa nani anakufa upesi, msiulize nani kashinda. Ulizeni nani kala ubwabwa. Na anayekwambia jililie kwanza ndipo nikusaidie, huyo kaja na kijiko.

Haya, chungu kimechemka. Mbona rundo langu la makaa limepungua kipande? Wewe? Wewe? Basi msimpige paka, na msitaje jina.

Kisa nilikichukua pwani kimelowa, nimekianika mbele yenu. Aliyesikia akikunje, aliyesinzia akalale nje.